Umbali Nao Ni Data: Historia Fupi ya Maikrofoni ya Chumba

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi zilinizidi, na nilikuwa nyumbani Londiani ambako mtandao hukatika kila mvua inaponyesha, na Londiani mvua hainyeshi kwa adabu. Leo sitaandika kuhusu Python wala kuhusu kufunga Linux kwenye kompyuta kuukuu. Nataka niwasimulie historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekisikia maisha yetu yote bila kukijua jina, halafu niungame kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa sababu ya kutoijua historia hiyo.

Kosa lenyewe ni hili: nilifuta faili moja ya sauti. Ilikuwa chini ya GB 1.

Ilikuwa Agosti 2019, nikiwa bado chuoni. Kwaya ya kanisa la nyumbani iliniomba niwarekodi (ukisoma sayansi ya kompyuta, kijijini wewe ni fundi wa kila kitu chenye waya). Walikuwa wakiimbia kwenye ukumbi wa zamani wa mbao, paa la mabati, sakafu ya saruji, urefu kama mita 15 na upana kama mita 8. Mpiga ngoma alikuwa mjomba wangu. Nilikuwa na laptopu, kisanduku cha kuingizia sauti chenye nafasi 4, na maiki 4 za kuazima. Moja niliiweka karibu kabisa na ngoma kubwa, moja kwa ngoma ndogo, moja mbele ya waimbaji. Ya nne ilikosa kazi, nikaisimamisha nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, mita 9 hivi kutoka kwa ngoma. Niliiweka tu kwa sababu nafasi ilikuwepo.

Nilipofika nyumbani na kusikiliza ile ya nne nilicheka. Ilikuwa na kikohozi, mtoto, mvua ya mbali juu ya mabati, na ngoma iliyosikika kama inapigwa kwa jirani. Nikaizima. Nikachanganya zile 3 za karibu, kila kitu kikawa safi kama kimeoshwa kwa sabuni, nikampelekea mjomba asikilize.

Alisikiliza wimbo mzima akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Ngoma ni yangu. Mkono ni wangu. Lakini we kijana, hapa ni wapi?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni mambo ya wazee. Wiki chache baadaye diski ya laptopu ilijaa, nikatafuta cha kufuta, nikaiona ile faili ya nne. Saa 2 za kurekodi, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 24, yaani baiti 3 kwa kila sampuli: ni karibu MB 8 kwa dakika, jumla MB 953. Nikafuta, na kikapu cha taka nikakimwaga.

Mwaka 2022 ule ukumbi ulibomolewa ili kanisa la mawe lijengwe. Sina lawama kwa mtu. Mbao zilikuwa zimeoza na kila mtu alifurahi. Ila mimi ndipo nilipoanza kuelewa swali la mjomba.

Maiki ya chumba ni kitu gani?

Tuanze na mambo ya msingi. Ukipiga ngoma ndani ya chumba, sauti hufika sikioni kwa njia mbili. Kwanza ile ya moja kwa moja, kutoka ngozi ya ngoma hadi sikio. Pili zile zinazogonga ukuta, paa na sakafu kabla ya kufika, moja baada ya nyingine, mpaka zinakuwa nyingi kiasi kwamba sikio haliwezi kuzihesabu. Hizo za pili ndizo mwangwi na mvumo wa mahali.

Sasa tazama hesabu yake. Kila ukiongeza umbali kutoka kwa ngoma mara mbili, ile sauti ya moja kwa moja inapungua kwa takriban desibeli 6. Lakini ule mvumo wa chumba umeenea kila mahali, haupungui sana. Kwa hiyo maiki iliyo sentimita 10 kutoka kwenye ngozi inasikia ngoma tupu. Maiki iliyo mita 9 inasikia chumba kikiwa kimepigwa na ngoma. Hiyo ya mbali ndiyo mafundi wa studio huiita maiki ya chumba, na huichanganya kidogo kidogo na zile za karibu ili ngoma ipate mwili na upana.

Kwa maneno mengine, maiki ya karibu inajibu swali "nini kimepigwa?" Maiki ya chumba inajibu swali la mjomba: "hapa ni wapi?"

Enzi ya maiki moja

Zamani swali hilo halikuwepo, kwa sababu maiki ilikuwa moja. Fundi alichanganya sauti kwa miguu: ukitaka gitaa lipungue, unamwambia mpigaji arudi nyuma hatua 2.

Mfano mmoja unatuhusu sisi watu wa Kericho kuliko mnavyodhani. Julai 1927, katika mji wa Bristol ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, Marekani, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifungua studio ya muda katika jengo lililokuwa ghala la kofia. Alitundika mablanketi ukutani ili kuua mwangwi. Mmoja wa waliokuja kuimba alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi ya reli, Jimmie Rodgers. Santuri zake zikauzwa kote duniani, na kwa njia ya gramafoni zikafika hadi nchi ya Wakipsigis. Jina Jimmie Rodgers likapita midomoni mwa watu mpaka likawa Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kutumia maisha yake kurekodi muziki wa bara hili, alifika Kapkatet, huku huku kwenye nchi yetu ya chai. Wakipsigis wakamwimbia nyimbo zilizoitwa Chemirocha, kwa chepkong, kile kinanda chetu cha nyuzi. Wimbo wa tatu kati ya hizo uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, na ndio uliokuja kujulikana zaidi duniani. Rodgers mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1933. Wasichana wa Kapkatet waliimba kuhusu kiumbe nusu mtu nusu swala.

Mimi kama fundi kinachonivutia hapo ni maiki. Tracey hakuisimamisha mahali pamoja akaenda kukaa. Aliishika mkononi. Alitembea nayo katikati ya wapigaji, akisogea kwa mwimbaji, akirudi nyuma kwa kiitikio, akiinama kwenye ala iliyokuwa na neno la kusema wakati huo. Jenereta lake aliliweka mbali ili ngurumo yake isiingie. Rekodi zilikuwa za mono, traki moja tu. Kila uamuzi wa kuchanganya ulifanyika palepale, kwa mkono wake, na hakukuwa na kurudi nyuma kuurekebisha.

Huko Uganda, kwenye safari zake za 1950 na 1952, alirekodi muziki wa majumba ya wafalme, ikiwemo entenga ya Kabaka wa Buganda. Wasiojua entenga wanafikiri ngoma ni ya kuweka mdundo tu. Entenga ni ngoma 15: ngoma 12 zimewambwa kwa sauti tofauti kama funguo za piano na hupigwa na watu 4, na 3 zilizobaki hupigwa na watu 2. Zinaimba wimbo kamili. Hebu fikiria wewe fundi wa leo ungezirekodi vipi: maiki 15? Tracey alikuwa na moja. Ilimbidi atafute ule umbali ambao ngoma 15 zinakuwa ala moja. Kusogea karibu sana kungempa ngoma mbili zinazopiga kelele na nyingine 13 zinazonong'ona.

Mei 1966 majeshi ya serikali yalishambulia Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo, na mwaka 1967 falme zote za Uganda zikafutwa. Wapigaji wa muziki wa jumba wakatawanyika. Kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyetaka kusikia entenga ya jumba ilivyokuwa alirudi kwenye zile rekodi chache za maiki moja.

Shikilia jambo hili, tutalirudia: kwenye rekodi ya traki moja, ngoma na mahali vimeshonwa pamoja. Huwezi kufuta mahali ukabaki na ngoma. Hakuna faili ya nne.

Tulivyofukuza chumba

Halafu teknolojia ikaja na chaguo. Mashine za tepu zikaongezeka traki: 4, kisha 8, kisha 16, kisha 24. Kila ala ikapata maiki yake na traki yake. Ukitaka uweze kupandisha ngoma ya mguu bila kupandisha matoazi, ni lazima maiki ya ngoma ya mguu isisikie matoazi. Njia rahisi ni kuisogeza karibu.

Hatua maarufu ilichukuliwa 1966 katika studio za EMI pale Abbey Road, London. Kanuni za nyumba zilitaka maiki ikae mbali na ngoma ya mguu ili isiharibike. Fundi kijana, Geoff Emerick, alipokuwa akirekodi albamu ya Revolver ya Beatles, alitia sweta la sufu ndani ya ngoma ya Ringo Starr ili izibe, kisha akaisogeza maiki karibu sana. Ngoma ikapata kishindo kipya.

Kufika miaka ya 1970, studio nyingi za Marekani na Uingereza zilikuwa zimegeuka kuwa vyumba vilivyokufa: zulia sakafuni, zulia ukutani, blanketi ndani ya ngoma, plasta juu ya ngozi. Kila ngoma ilisikika kama sanduku la kadibodi. Fundi alipata uhuru wote aliotaka, akapoteza mahali.

Kwetu mambo yalikwenda polepole zaidi, na pengine hiyo ilikuwa bahati. Ukisikiliza santuri za benga za miaka ya 1970, zikiwemo zilizotolewa na lebo ya Chandarana ya Kericho mjini, mara nyingi utasikia ngoma ikiwa nyuma, imeenea, kama mtu anayepiga mlango wa pili. Watu wengi wanaoijua sauti hiyo tangu utotoni hawajawahi kuiita kasoro.

Ngazi za Headley Grange

Chumba kilirudi kwa kishindo mwaka 1971. Bendi ya Led Zeppelin ilikuwa imehamia Headley Grange, nyumba kubwa ya baridi huko Hampshire, Uingereza, iliyojengwa 1795 kama makao ya maskini. Waliegesha nje gari la studio la Rolling Stones. Ngoma za John Bonham zikawekwa kwenye ukumbi wa kuingilia, chini ya ngazi zinazopanda ghorofa kadhaa. Fundi Andy Johns hakuizungushia ile ngoma maiki. Alitundika maiki 2 tu za Beyerdynamic M160 juu kwenye ngazi, zikitazama chini. Sauti hiyo akaipitisha kwenye kompresa na kwenye kifaa cha mwangwi cha Binson. Wimbo ni "When the Levee Breaks", na albamu ilitoka Novemba 1971.

Kompresa hapo ilifanya nini? Kifaa hiki hushusha sauti inapokuwa kubwa, halafu huiachilia inapopungua. Kwa maiki ya karibu, hufanya pigo lifanane na pigo. Kwa maiki ya chumba hufanya ajabu nyingine: pigo lenyewe linakandamizwa, halafu mvumo unaofuata unapanda juu kama povu la maziwa yanayochemka. Unaanza kusikia kuta.

Miaka michache baadaye ikatokea ajali nyingine nzuri. Mwaka 1979, katika studio ya Townhouse ya London, Peter Gabriel alikuwa akirekodi albamu yake ya tatu, Phil Collins akipiga ngoma, fundi akiwa Hugh Padgham. Studio ilikuwa na maiki iliyotundikwa chumbani kwa ajili ya mazungumzo tu, ili wapigaji waweze kuzungumza na fundi aliye nyuma ya kioo. Maiki hiyo ilikuwa na kompresa kali, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukamata maneno ya mtu aliyesimama popote. Collins akapiga ngoma ikiwa imewashwa, na wote wakashangaa. Wakaongeza kifaa kinachokata sauti ghafla inaposhuka chini ya kiwango fulani: chumba kikubwa kinalipuka, kisha kimya. Januari 1981 Collins akatoa "In the Air Tonight", na miaka ya 1980 yote ikapata ngoma zake.

Mnaona kichekesho chake? Waliotumia fedha nyingi kuua chumba wakatumia fedha nyingine kukirudisha, na safari hii kupitia maiki ambayo hakuna aliyekusudia kuirekodi. Kama ile yangu ya nne.

Hesabu kidogo (usiogope)

Kwa nini usiongeze tu maiki ya mbali na mambo yaishe? Kwa sababu sauti haisafiri bure. Kwenye baridi ya nyuzi 15 za Selsiasi, hali ya kawaida ndani ya ukumbi wetu, mwendo wa sauti ni takriban mita 340 kwa sekunde. (Wengi hufikiri ni kimo cha Londiani, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kinachobadilisha mwendo. Kinachouongoza ni joto la hewa.) Mita 9 gawa kwa 340 ni milisekunde 26.5. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ile maiki ya nne ilikuwa nyuma kwa sampuli 1,167 hivi.

Masikio hayasikii milisekunde 26 kama mwangwi wa pili. Yanaisikia kama ukubwa. Ndiyo maana mafundi wengine huiacha hivyohivyo, na wengine huivuta faili ya chumba mbele ili ilingane na pigo, au huisukuma nyuma zaidi ili chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo.

Hatari iko kwenye umbali mfupi. Tuseme maiki moja imezidiwa na nyingine kwa mita 1 tu. Mawimbi ambayo nusu ya urefu wake ni mita 1 yatafika kwenye maiki ya pili yakiwa kinyume: moja likipanda jingine linashuka. Ukiyajumlisha yanafutana. Chukua 340 ugawe kwa 2, unapata hezi 170, palepale penye tumbo la ngoma. Umeongeza maiki, ngoma ikakonda! Dawa ni kusogeza, kusikiliza, au kubonyeza kitufe cha kugeuza wimbi juu chini na kusikiliza tena.

Chumba ndani ya kompyuta

Hapa ndipo kazi yetu sisi waandishi wa programu inapoingia.

Watu walianza zamani kutafuta mwangwi wa kutengeneza. Mwaka 1947 Bill Putnam wa Chicago alitumia bafu kama chumba cha mwangwi: spika ndani, maiki ndani, mlango umefungwa. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ikaleta bati kubwa la chuma linalotetemeshwa ili livume kama ukumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Manfred Schroeder wa Bell Labs akaonyesha namna kompyuta inavyoweza kutengeneza mvumo kwa kuchelewesha sampuli na kuzirudisha zilikotoka. Lakini zote hizo zilikuwa kumbi za kubuni. Hakuna aliyewahi kuingia ndani yake.

Hatua iliyofuata ni ya kupima chumba halisi. Ukitoa mlio mfupi sana ndani ya chumba, kama kupasua puto, kile kinachofuata ni jibu la chumba chenyewe: kila ukuta na kila pembe, kwa mpangilio wake wa wakati. Likamate jibu hilo kwenye faili. Kisha chukua rekodi yoyote kavu, na kwa kila sampuli yake weka nakala ya jibu lile zima, ikiwa kubwa au ndogo kulingana na sampuli hiyo. Jumlisha zote. Kinachotoka ni rekodi yako ikisikika kana kwamba ilipigwa mle ndani. Wataalamu wa hisabati huita hesabu hii konvolusheni.

Ni hesabu ya kitoto, ila ni nzito. Jibu la sekunde 1.2 lina sampuli 52,920. Zidisha kwa 44,100, unapata zaidi ya mara bilioni 2.3 za kuzidisha namba kwa kila sekunde ya muziki. Njia ya mkato ilikuwepo tangu Cooley na Tukey walipochapisha mbinu yao ya haraka ya kuchambua mawimbi mwaka 1965, lakini hata hivyo tulingoja hadi 1999 ndipo Sony wakatoa mashine ya DRE-S777 iliyoweza kufanya kazi hiyo papo hapo. Leo simu yako inaweza. Na tangu Angelo Farina alipoeleza mbinu yake mwaka 2000, wapimaji wengi wameacha puto na kutumia mluzi unaopanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba, kwa kuwa unatoa kipimo safi zaidi.

Kwa hiyo ukumbi wa mbao wa Londiani ungeweza kuhifadhiwa mzima, kwenye faili ndogo kuliko picha moja ya simu. Kilichotakiwa ni puto la shilingi kumi, kabla ya 2022.

Benchi lililoanguka

Desemba iliyopita wanakwaya waliomba zile nyimbo zitolewe upya. Mjomba sasa hapigi tena, mabega yamekataa. Nikafungua mradi wa 2019: faili 3, safi, kavu. Mahali pa ile ya nne programu ikaniandikia kwamba faili haipatikani. Nilikaa nikiitazama kwa muda.

Nikajaribu kumbi za kununua na za bure: kanisa la mawe la Ulaya, studio ya Marekani, hata pango. Ngoma ya mjomba ikawa mtalii.

Halafu binti mmoja wa kwaya akanitumia video aliyoipiga siku ile kwa simu, akiwa amekaa nyuma. Kabla ya wimbo wa pili, mtu anasimama na benchi linaanguka kwenye saruji. Paa! Watu wananyamaza kwa aibu, kisha wanacheka. Kati ya kishindo na kicheko kuna sekunde 1 na nukta kadhaa za ukumbi mtupu unaojibu.

Nikakata sekunde 1.2 hizo, nikaandika mistari kama 30 ya Python, nikaipitisha ngoma ndani ya benchi.

Sitawadanganya. Matokeo hayakuwa ya ajabu. Benchi si puto: lina sauti yake nzito ambayo ilibidi niipunguze. Simu nayo ilikuwa ikipandisha na kushusha sauti yenyewe, kwa hiyo mkia wa mvumo ulikuwa umepinda mahali ambapo hakuna hesabu yangu iliyoweza kuunyoosha. Na ubora wa sauti ya video ni ule mnaoujua. Ile faili ya MB 953 ingekuwa ukweli. Hii ilikuwa kumbukumbu ya mtu mwenye homa.

Nikamchanganyia mjomba kidogo sana, kama chumvi, nikampa spika za masikioni. Alisikiliza. Safari hii hakuuliza chochote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Karibu na mlango." Nikamwambia ndio mjomba, ilirekodiwa karibu na mlango. Akasema, "Bado hujafika ndani. Lakini umefika mlangoni."

Kwa hiyo?

Zaidi ya miaka 60 baada ya Tracey kupita Kapkatet, rekodi zile zilirudishwa huko na ILAM, maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, wakishirikiana na mradi wa Singing Wells. Wazee walisikia nyimbo zao. Ziliweza kurudi kwa sababu mtu alihifadhi kitu chote kilichoingia kwenye maiki. Sisi tuna traki nyingi, diski kubwa na programu za bure, na bado tunaweza kupoteza zaidi yake, kwa sababu sasa mahali pamekuwa faili inayojitegemea, na kila faili ina kitufe cha kufuta.

Kama unarekodi kwaya, ngoma za shule, harusi au hata nyanya yako akisimulia, fanya mambo matatu:

1. Maiki moja isimame mbali. Simu ya pili nyuma ya chumba inatosha. Usiihukumu siku hiyohiyo.
2. Kabla watu hawajaingia, simama mahali pa ngoma, pasua puto au piga kofi moja kali, na acha rekodi iendelee sekunde 5 kimya. Andika kwenye jina la faili ni chumba gani na tarehe gani.
3. Usifute faili ya chumba kwa sababu ina vikohozi. Ngoma inaweza kupigwa tena na mtu mwingine. Kile kikohozi ndicho kinachokuambia nani alikuwepo.

Je, kuna ukumbi, kanisa, msikiti au darasa la zamani huko kwenu ambalo bado limesimama na lina sauti yake? Niandikie hapo chini kwenye maoni. Ikiwezekana, nenda na puto. Wiki ijayo nitaweka ile programu ya mistari 30 na kuieleza mstari kwa mstari, ili kila mtu ajaribu na benchi lake.

Tuonane wakati huo, mtandao ukiruhusu.